Uzoefu wangu na oveni ya umeme yenye koili mbili

Ninaokea mikate ya kumimina na keki za oda hapa Dar es Salaam kwa oveni ya umeme ya mezani ya lita 45, na nimekaa nayo vya kutosha kuizungumzia kwa uhakika. Kibandiko cha nyuma kinaonyesha wati 2,000 kwa umeme wa volti 230: koili ya chini wati 1,200, ya juu wati 800, na kila moja inawashwa peke yake. Sifa hiyo naithamini kuliko kioo, taa na urembo wote wa nje.

Kwa macho, koili ni fimbo nyeusi ya chuma iliyopindwa. Ndani ya bomba hilo jembamba mna waya uliosokotwa, kwa kawaida wa mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao ukinzani wake hugeuza umeme unaopita kuwa joto. Waya huo umezungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu ulioshindiliwa sana, wenye tabia adimu ya kuzuia umeme huku ukipitisha joto, ndiyo maana bomba linaweza kuiva likawa jekundu ilhali umeme umebaki katikati. Mchanganyiko wa aina hii ulipatiwa hataza nchini Marekani mwaka 1906 na Albert Marsh, na unatumika hadi leo kwa kuwa kromi ikikutana na hewa kwenye joto kali hufanya utando mwembamba unaozuia waya usiendelee kuliwa.

Mkate wa kumimina ndio unaoonyesha faida ya koili mbili. Naanza na ya chini peke yake, sufuria ipate moto na mkate uumuke hadi katikati. Uso ukishakauka na vitundu kujitokeza, nawasha ya juu, ambayo miali yake hupiga moja kwa moja juu ya mkate na kuugeuza rangi upesi sana, kwa hiyo hapo sibanduki. Katikati ya kazi themostati hulia “tak” na koili huzima, kisha huwaka tena joto likishuka. Wapo wanaodhani huo ni ubovu, kumbe ndivyo inavyolinda joto lisipite kiasi, na ndiyo sababu saa moja ya kuoka haimalizi uniti mbili za LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) japo oveni ni ya wati 2,000.

Jambo linalowasumbua waokaji wengi ni umeme kupungua nguvu jioni. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti, hivyo volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, koili ya wati 1,200 hubaki na takriban 900, yaani robo ya moto imepotea ingawa kitufe kipo palepale. Keki ikidorora saa hizo, msilaumu hamira wala mapishi. Ipasheni oveni moto kwa muda mrefu zaidi, na msifungue mlango ovyo.

Koili ya chini ya oveni yangu ilikuja kukata. Fundi alichomoa plagi kwenye soketi, akazitenganisha nyaya na kupima kwa mita: koili ya juu ilisoma karibu omu 66 (omu ni kipimo cha ukinzani), ya chini haikusoma chochote, wakati nzima ya wati 1,200 ilipaswa kusoma kama omu 44. Karibu na pindo bomba lilikuwa limepasuka, na unga mweupe ukionekana kwenye ufa. Alinieleza, nami naona ni muhimu kuliko yote, kwamba ufa wa namna hiyo huingiza unyevu, na umeme unaweza kuvuja hadi kwenye bodi ya oveni, hivyo waya wa erthi usikatwe kamwe na plagi yake isibadilishwe kwa ya pini mbili.

Koili mpya ilipatikana Kariakoo kwa kwenda na ile ya zamani mkononi, kwa sababu wati, umbo na urefu wa ncha zake vyote lazima vifanane. Naipa oveni hii nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu waya wake wa umeme ni mfupi mno, na hulazimisha watu kutumia ekstensheni. Mzigo wa karibu ampea 9 kwa saa nzima utaichemsha ekstensheni nyembamba mpaka iyeyuke.