Parokia ya Makazi au Parokia ya Kuchagua?

Kwa Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 518, parokia kwa kawaida ni ya eneo: unapoishi ndipo parokia yako ilipo. Lakini kanuni ya 1248 inakuruhusu kutimiza wajibu wa Misa ya Jumapili popote inapoadhimishwa kwa riti (utaratibu wa ibada) ya Kikatoliki, hata jioni ya kuamkia siku hiyo. Hapo ndipo waumini wanapogawanyika.

Anayesali mbali hufuata mahubiri na kwaya. Simlaumu, padre anayeandaa homilia fupi inayogusa Injili ya siku hiyo ana thamani yake. Shida ni kwamba unaweza kukaa benchi lilelile miaka na miaka, na hakuna anayejua jina lako.

Parokia ya makazi huenda kwaya yake inapoteza sauti katikati ya wimbo, na matangazo yanazidi mahubiri kwa urefu (hili nadhani halikwepeki popote). Ila usipoonekana Jumapili mbili, mtu anabisha hodi. Mgonjwa anapelekewa Ekaristi nyumbani kwa sababu kuna aliyepata habari zake. Msiba ukitokea, huanzi kujitambulisha kwanza. Hata ubatizo wa mtoto, kwa kanuni ya 857, kwa kawaida hufanyika katika parokia ya wazazi.

Kwa hiyo mimi nachagua ya makazi. Maungamo tu ndiyo mengine: wengi huona wepesi zaidi kwa padre asiyewajua, na Kanisa linawaruhusu kumchagua muungamishi wamtakaye.