Maabara iliyonionyesha petroli ya taa ndani ya mazutu

Tuna mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa kwa mazutu, yaani dizeli, Katuba, hapa Lubumbashi. Injini ilipoanza kukosa nguvu, fundi alitoa injekta, kile kinachopuliza mafuta ndani ya injini, akanionyesha mikwaruzo: "Mama, hii mazutu wameichanganya." Mimi nafundisha kemia sekondari, nikataka kuliona jambo hilo kwenye karatasi.

Maabara ya kwanza walipitisha mazutu kwenye kromatografia ya gesi (mashine inayovukiza mafuta na kuyatenganisha ndani ya mrija mwembamba) mara moja, wakaandika "ya kawaida". Niliomba mchoro. Vilele vya alkani, zile hidrokaboni zisizo na pete, vimesimama kama meno ya kitana, na chini yake nundu kubwa. Ndani ya nundu ile mna mamia ya hidrokaboni (misombo ya kaboni na hidrojeni) zinazotoka kwenye mrija kwa pamoja, basi hukumu ilitoka wapi?

Ya pili ni ndogo, vyumba viwili tu, na ndiyo ninayoisifu. Kijana alikataa chupa yangu ya plastiki, akanipa za kioo, akauliza kama nina mazutu nyingine ninayoiamini ya kulinganisha. Nikaleta zote mbili. Alianza na mrija uliojazwa unga wa silika: kiyeyusho cha heksani kikashusha alkani, aromatiki (hidrokaboni zenye pete kama ya benzini) zikabaki zimeshikwa hadi alipomimina kiyeyusho kingine, diklorometani. Kiyeyusho hakukikausha chote, maana hidrokaboni nyepesi zingeondoka nacho. Hapo nikajua anaijua kazi. Kisha kila fungu, la alkani na la aromatiki, likapita peke yake kwenye mashine ya kromatografia.

Katika mazutu yetu, alkani za kaboni 9 hadi 13 zilikuwa nyingi kupita za ile nyingine. Kwenye fungu la pili, aromatiki za pete moja zilizokuwa zimezikwa chini ya nundu zikaonekana wazi, na uwiano wa zile za pete mbili umeshuka. Michoro yote miwili ikaashiria kuwa imetiwa petroli ya taa (mafuta ya taa), ambayo hailainishi pampu kama mazutu. Asilimia hakuandika, alisema hawezi bila kuipata petroli yenyewe iliyotiwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Nililipa dola 60, nikangoja siku mbili. Natamani wapate mashine yenye mirija miwili iliyounganishwa, ile njia ya wanakemia Liu na Phillips ya mwaka 1991: kila baada ya sekunde chache, kinachotoka mrija wa kwanza husukumwa ndani ya wa pili, na makundi ya hidrokaboni hujitenga kwa mpito mmoja.

Muuzaji nimebadilisha. Kila pipa jipya likifika, naweka chupa moja ya kioo kabatini, mbali na jua.