Mwanangu mwenye pumu alivyokaa siku 10 kambini: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka 9 na ana pumu. Likizo hii ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali nami, siku 10 kwenye kambi ya watoto kando ya ziwa. Jina la kambi silitaji, maana nina sifa zao za kueleza na pia kosa moja lililonikosesha usingizi.

Nianze na fomu ya afya. Waliuliza chanjo, mzio, kila dawa na kipimo chake, hata kama mtoto hutembea usingizini. Siku mbili kabla ya safari nesi wa kambi akanipigia. "Mama, umeandika kwamba vumbi humsumbua. Kwake dalili ya kwanza huwa ipi?" Nikamwambia ni kikohozi kikavu cha usiku, kabla kifua hakijaanza kubana. Swali hilo lilinituliza moyo kuliko picha zote walizotutumia.

Siku ya tatu walipanda kilima. Inhela yake, kile kipulizio cha dawa ya pumu, ilikuwa imefungiwa kabatini, chumba cha huduma ya kwanza, mwendo wa dakika 20 kutoka walipokuwa. Kifua kikambana. Mlezi alifanya alichoweza: akamkalisha wima, akamtuliza, akatuma mtu mbio. Mtoto alipata nafuu, namshukuru Mungu, lakini muda wote ule anahangaika kutafuta pumzi! Salbutamoli, dawa iliyomo ndani ya inhela hiyo, hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache, mradi iwepo mkononi. Dawa nyingine kufungiwa naelewa, watoto wasije wakazichezea. Inhela ya dharura, hapana.

Jioni hiyo hiyo mkuu wa kambi alinipigia mwenyewe, akaeleza yote bila kuficha na kuomba radhi. Kuanzia kesho yake inhela na chemba yake, lile kopo la plastiki ambalo mtoto huvutia dawa, vilikaa kwenye mkoba wa kiunoni wa mlezi wa kundi, popote walipokwenda. Nesi akawafundisha walezi wote upya: tikisa, puliza mara moja tu kwenye chemba, mtoto avute taratibu, ndipo upulize tena. Bila chemba dawa nyingi huishia mdomoni na kooni.

Upande wa maji sina lawama hata moja. Kila mtoto alipimwa kuogelea siku ya kwanza, asiyeweza akabaki kwenye kina kifupi na jaketi okozi. Waliingia majini wawili wawili. Kila baada ya dakika 10 filimbi ililia, kila mmoja akamshika mwenzake mkono na kuuinua juu, wakahesabiwa. Mwokoaji kazi yake ilikuwa kutazama maji tu, simu hakushika. Mimi huogopa sana maji kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya kimya.

Mafuta ya kukinga jua walipakwa upya kila baada ya saa 2 na kila walipotoka majini. Kunawa mikono kabla ya kula ndiko kulikolegea: mabomba machache, foleni ndefu, wengine wakaruka. Nimewaandikia kuhusu hilo.

Mwakani nimeshamwandikisha tena. Juu kabisa ya fomu nimeongeza mstari kwa kalamu nyekundu: inhela isitengane na mtoto.