Chai ya hopsi Makoroboi: chukua pakiti, uuache mtungi

Kwa miezi kadhaa usingizi wangu ulikuwa wa mang'amung'amu, na jirani yangu wa Pasiansi, ambaye kila dawa ya majani huijua kabla haijafika sokoni, akanielekeza kwenye duka dogo la dawa za asili karibu na Makoroboi, hapa Mwanza. Humo huuzwa maua ya hopsi yaliyokaushwa, kwa ajili ya chai ya usiku. Nimeyanunua mara mbili, na nimekuta kwamba duka hilohilo linauza bidhaa njema na bidhaa iliyokwisha nguvu, zote kwa jina moja.

Hopsi ndiyo inayoipa bia uchungu wake. Ni mmea unaopanda kwa kujizungusha kwenye kamba au mti, wa ukoo mmoja na bangi ingawa haulevyi kama bangi, jambo ambalo muuzaji alinieleza kwa kunong'ona kana kwamba ananiuzia magendo. Kinachovunwa ni maua ya mmea jike, yenye umbo la koni ndogo ya magamba laini. Ukiipasua koni kwa kucha, chini ya magamba utaona vumbi la manjano linalonata vidoleni. Hilo huitwa lupulini, na ndimo yalimo mafuta yenye harufu na asidi chungu, kwa hiyo ndilo analolilipia mtengenezaji wa bia na ndilo analolitafuta mganga.

Mara ya kwanza nilipimiwa gramu 50 kwa shilingi 15,000, kutoka kwenye mtungi wa kioo uliowekwa dirishani, mahali panapopigwa na jua la alasiri. Nyumbani nilipasua koni tano. Vumbi lilikuwa limegeuka rangi ya kutu, halinati hata kidogo, na harufu yake ilikuwa ya jibini lililochacha au, niseme wazi, ya soksi za mwanafunzi wa bweni. Hivyo ndivyo hopsi inavyokuwa ikikaa kwenye hewa, joto na mwanga, na ndiyo sababu wafanyabiashara wake huifunga pasipo hewa na kuihifadhi kwenye baridi.

Niliporudi kulalamika, muuzaji, ambaye kwa haki ni mtu muungwana, alinitolea chini ya meza pakiti ya alumini iliyofungwa vizuri, kwa shilingi 20,000. Hiyo ilikuwa ya kijani, yenye kunata, na ilinukia majani mabichi na ganda la chungwa. Kijiko kimoja cha chai katika kikombe cha maji ya moto, kilichofunikwa kwa dakika kumi, hutoa kinywaji ambacho uchungu wake hauufikii ule wa mwarobaini, na asali ya Tabora huutuliza. Siku tatu kati ya tano nililala hadi adhana ya alfajiri. Hata hivyo, wiki hiyo nilikuwa pia nimeacha kahawa ya jioni, hivyo siwezi kuipa hopsi sifa yote.

Linaloniudhi ni maneno ya dukani. "Mama, hii inaondoa presha, sukari, hata uvimbe," aliniambia. Si kweli. Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua kwa kupunguza msongo mdogo wa mawazo na kusaidia usingizi, tena kwa msingi wa kutumika miaka mingi, si kwa uthibitisho wa majaribio ya kitabibu. Aidha, ina kemikali inayofanya kazi kama homoni ya kike ya estrojeni, kwa hiyo mjamzito au mwenye historia ya saratani ya matiti amwone daktari kwanza, na asiichanganye mtu yeyote na vidonge vya usingizi wala pombe. Pakiti haikuwa na onyo lolote kati ya haya, wala tarehe ya kuvunwa.

Nikiwa bado pale, kijana mmoja wa Ukerewe aliulizia miche, kwa kuwa alisikia hopsi ina soko kubwa, na muuzaji akamwomba malipo ya awali. Soko lipo kweli, lakini sehemu kubwa ya hopsi duniani hutoka Ujerumani, hasa Hallertau, na Marekani, hasa bonde la Yakima. Mmea huu huhitaji baridi ya kuupumzisha, kisha mchana mrefu wa kiangazi wa kuukuza kabla haujachanua, na kwa sababu hiyo hustawi zaidi kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo. Sisi tuko karibu na nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, ambako mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Mche utaota, lakini utachanua ungali mfupi na maua yatakuwa haba. Nilimweleza kijana hayo, huku muuzaji akinitazama kwa jicho la pembeni. Kijana alirudisha pochi mfukoni, akanunua mchaichai.