Simu ya mezani ya laini kwa wazee wangu wa Kibosho

Baba ana miaka 79, mwalimu mstaafu, na simu ya kupangusa imemshinda. Vidole vinatetemeka, akitaka kupokea, anakata. Kitochi cha Mama nacho hushinda chumbani huku mwenyewe yuko migombani. Mimi niko Arusha, napiga mara sita, saba, roho juu, kumbe wazima.

Nikataka simu isiyohama, kama zile za enzi za Posta na Simu. Ofisi niliyoanzia ilinizungusha wiki mbili ndipo wakaniambia waya haufiki kwetu. Wangesema siku ya kwanza ningewashukuru.

Aliyenisaidia ni kijana wa duka moja dogo Moshi mjini, upande wa Mbuyuni. Kabla hajatoa kitu kabatini aliuliza, "Dada, huko nyumbani mtandao gani unashika vizuri?" Tukampigia jirani, ndipo tukachagua laini. Simu yenyewe nilinunua sh 75,000: ya mezani, ya kuweka laini, vitufe vikubwa, mkonga wa kushika sikioni, na mlio unaofika hadi kwenye zizi la ng'ombe. Ina betri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika bado inaita. Wanaoishi huko juu wanajua hilo lina maana gani.

Kusajili laini ndiko kulikotuchosha. Mashine ilikataa alama za vidole vya Baba, jembe limezila. Kijana alimfuta mikono kwa kitambaa kibichi, akajaribu kidole kimoja kimoja bila kununa, "samahani mzee wangu, tujaribu na hiki." Ikagoma kabisa. Tukasajili kwa namba ya NIDA ya Mama, kisha nikapiga *106# kuhakikisha hakuna laini ya mtu mwingine iliyojibanza kwenye jina lake. Mwenye wazazi wazee afanye hivyo leo, hata kama hanunui simu.

Na kwenye laini hiyo sikufungua akaunti ya pesa, kwa makusudi. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawatakuta cha kuchota. Pesa zimebaki kwenye kitochi cha Mama, ambaye hatapeliki kirahisi.

Kasoro ipo: kioo ni kidogo, Baba hasomi namba ya anayepiga hata akivaa miwani. Tumeizunguka kwa namba za haraka. 2 ni mimi, 3 ni kaka, 4 ni jirani mwenye gari. Nimeziandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika ukutani juu ya simu. Bando la dakika nawanunulia mimi kutoka huku, na kwa mwezi halijafika sh 10,000.

Huu ni mwezi wa nne. Jumapili, baada ya misa, Baba alibonyeza 2 mwenyewe. Nikashtuka, nikamwamkia haraka haraka, nikauliza kuna nini.

"Marahaba. Hakuna kitu," akasema. "Huko mvua imenyesha?"