Pinot Noir: ununue ya eneo gani kwanza

Zabibu ya Pinot Noir ina ganda jembamba, na rangi na tanini (kile kinachokausha ulimi) hutoka kwenye ganda. Ndiyo maana mvinyo wake halisi hupitisha mwanga: weka kidole nyuma ya glasi, utakiona. Ukimiminiwa Pinot Noir nyeusi yenye utamu wa jamu, basi ama zabibu ziliivia kwenye joto kupita kiasi, ama zimechanganywa na aina nyingine. Mara nyingi kuchanganya huko ni halali. Umoja wa Ulaya na New Zealand hudai asilimia 85 ya zabibu iliyotajwa kwenye lebo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaridhika na 75, ila jimbo la Oregon limejibana hadi 90 kwa Pinot Noir.

Mpangilio ufuatao ni wa mnunuzi anayetaka mvinyo mwekundu mwepesi wa kunywa mwaka huu au ujao, si wa kulaza miaka kumi. Anayetaka wa kulaza angeupanga tofauti.

1. Ujerumani

Hapa zabibu hii huitwa Spätburgunder, na wengi hawajui kwamba ni Pinot Noir ileile. Kutojua huko kunakusaidia, kwa kuwa bei haijabebeshwa umaarufu wa jina. Tafuta mikoa ya Baden au Pfalz. Ahr ni nzuri pia, lakini eneo lenyewe ni dogo na chupa zake si nyingi. Katika ngazi za wazalishaji wa chama cha VDP, Gutswein ni ya chini, Ortswein ni ya kijiji, na GG (Grosses Gewächs) ni ya mashamba ya juu kabisa. Kwa wepesi, Ortswein inatosha. GG ya miaka miwili bado imetawaliwa na ladha ya pipa.

Kosa la kawaida ni kutosoma neno moja. "Trocken" maana yake hauna utamu. "Halbtrocken" na "lieblich" vina sukari iliyobaki, na Pinot yenye sukari hupoteza ule uchangamfu wake wote. Ukiona "Barrique", tarajia ladha ya mwaloni.

2. Oregon, Willamette Valley

Bonde hili liko kwenye latitudo ya 45 kaskazini, na Pinot Noir imelimwa humo tangu David Lett alipopanda miche yake mwaka 1965. Dundee Hills ina udongo mwekundu wa volkano; mvinyo wake ni laini, una ladha ya cheri. Eola-Amity Hills hupulizwa na upepo wa bahari unaopenya pengo la Van Duzer, kwa hiyo asidi hubaki juu. Wa kwanza ni wa kunywa bila chakula, wa pili ni wa mezani.

Mavuno ya kuepuka ni ya 2020. Moto wa misitu ulifunika bonde kwa moshi, na baadhi ya wazalishaji hawakutengeneza mvinyo mwekundu kabisa. Kemikali za moshi hujifunga na sukari ndani ya tunda, hivyo pua haizinusi mapema. Huachiliwa wakati wa kuchacha, na nyingine huachiliwa na mate mdomoni. Kwa hiyo utaonja tunda kwanza, kisha jivu baada ya kumeza.

3. Burgundy, Ufaransa

Chupa bora za Pinot Noir duniani zinatoka hapa, na chupa zinazowaudhi wanunuzi kuliko zote pia zinatoka hapa. Nafasi ya tatu ni ya ununuzi, si ya ubora. Ngazi ni nne: Bourgogne (jina la Kifaransa la Burgundy), kijiji, Premier Cru (shamba bora), Grand Cru (shamba bora kabisa). Vijiji kadhaa vimejibandika jina la shamba lao maarufu: Chambertin ni Grand Cru, Gevrey-Chambertin ni kijiji. Hata Grand Cru haitoshi peke yake. Clos de Vougeot ina hekta kama 50 zilizogawanywa kwa wamiliki wapatao 80, na wote huandika jina hilohilo. Soma jina la mzalishaji kabla ya jina la shamba.

Chini ya ngazi kuna mtego mwingine. Bourgogne Passe-tout-grains ni mchanganyiko wa Gamay, zabibu nyingine nyekundu, na Pinot, na Coteaux Bourguignons huweza kuwa Gamay tupu. (Mtawala Philippe le Hardi aliipiga marufuku Gamay mwaka 1395. Haikuondoka.) Nunua ya vijiji vya Givry, Mercurey, Santenay au Marsannay. Mavuno ya 2022 yalikuwa mengi na mazuri. Ya 2021 yalipigwa na jalidi, yakawa haba. Mvinyo wake ni mwepesi na mchangamfu, ila uhaba huo umo kwenye bei.

4. New Zealand

Central Otago ndiyo inayotajwa sana, lakini jua lake kali hutoa mvinyo mzito zaidi, mara nyingi wenye kileo cha asilimia 14. Anayetaka wepesi atazame Marlborough. Martinborough ina ladha ya udongo na viungo. Chupa nyingi hufungwa kwa kifuniko cha skrubu, hivyo hatari ya kizibo kibovu karibu haipo.

5. Chile, pwani

Leyda na Casablanca hupozwa na mkondo baridi wa Humboldt. Ni chaguo la bei ndogo. Baadhi zina harufu ya majani mabichi.

6. California

Ikiandikwa "California" bila eneo, iache. Sonoma Coast, Anderson Valley na Sta. Rita Hills ni habari nyingine, lakini mara nyingi ni ghali.

Tahadhari ya chupa za bei ya chini mno: Pinot Noir huzaa kidogo na huoza haraka, kwa hiyo gharama yake haishuki kirahisi. Mwaka 2010 mahakama ya Carcassonne, Ufaransa, iliwatia hatiani wafanyabiashara waliouza zabibu nyingine, Merlot na Syrah za Languedoc (kusini mwa Ufaransa), nchini Marekani kwa jina la Pinot Noir.

Dukani, kagua kizibo. Kikiwa kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, au kuna michirizi inayonata, huenda mvinyo umepikwa na joto. Nyumbani, weka chupa kwenye friji ili uinywe kwenye nyuzi 14 hadi 16. Ukiwa na joto zaidi, kileo hufunika tunda. Harufu ya kadibodi iliyolowa inatoka kwenye kizibo, na kuuacha mvinyo upumue hakutaiondoa. Rudisha chupa ikiwa bado ina mvinyo mwingi.