Jembe la meno dhidi ya sangari: nimelitumia miezi minne hapa Luchelele

Mwangaluka, ndugu watazamaji! Karibuni tena shambani kwangu, Luchelele, hapa Mwanza. Upepo ukisikika kwenye sauti mnivumilie, ziwa liko pale chini tu.

Leo nina vitu vitatu mezani: jembe la meno, chupa ya dawa ya kuua majani, na nailoni nyeusi. Vyote nimevinunua kwa pesa yangu na vyote nimevitumia kwa adui mmoja, sangari, lile gugu la nyasi linalotambaa. Sogeza kamera hapa. Mnaona huu uzi mweupe unaotambaa chini ya udongo? Watu wengi wanauita mzizi. Ni shina hilo, linatembea chini kwa chini, na kila baada ya sentimita chache lina kifundo. Kila kifundo kina jicho, na kila jicho ni sangari mpya.

Ndiyo maana jembe la kawaida limetutesa miaka yote. Ukilima kwa jembe bapa unakata huo uzi vipande, halafu unavitawanya tuta zima. Mwezi wa tatu nilichukua vipande 10, kila kimoja urefu wa kidole, nikavifukia kwenye kopo la rangi lenye udongo wetu huu wa luseni, yaani wa kichanga, nikamwagilia. Wiki mbili baadaye vilikuwa vimechipua 8. Nilisikitika sana, maana hapo ndipo nilipoelewa kwamba misimu mitatu nilikuwa naipanda sangari kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa jembe la meno, wengine mnaliita jembe uma. Hili lina meno matatu, nimelinunua shilingi 12,000, mpini mbali. Kazi yake si kukata. Unalizamisha mpaka meno yaishe, unauvuta mpini kwako taratibu, udongo unainuka, unapukutika katikati ya meno, uzi unabaki mzima. Unaushika kwa mkono na kuufuata. Jana nimevuta mmoja ukanipita urefu, ona, bado uko pale juu ya jiwe.

Kununua kwake kuna mambo ya kuangalia. Gonga meno kwa jiwe usikilize. Chuma kizuri kinalia, kilichochomelewa vibaya kinatoa sauti ya kufa. La kwanza nililonunua lilipinda jino siku ya pili, nikalipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Kwa hiyo angalia pale meno yanapoungana na shingo: kama kuna alama ya kuchomelea, liache. Chukua lililofuliwa kipande kimoja. Na kama shamba lako liko kwenye mbuga, udongo mweusi unaonata, subiri unyevu wa wastani. Ukiwa umekauka meno hayaingii, na ukiwa na tope uzi unakatika. Huu wetu wa kichanga unalipenda jembe hili.

Ukishang'oa, usirundike kwenye mboji, na usitupe korongoni, mvua ikaubeba mpaka kwa mwenzako. Sisi Mwanza Mungu ametupa majabali. Tandaza juu ya jiwe, jua la mwezi wa saba lipige siku nne tano, mpaka ukiuvunja unalia kama kijiti. Hapo umekufa kweli. Majani ya juu mpe mbuzi, anayapenda.

Tuje kwenye dawa, maana najua wengi ndiyo mnayoisubiri. Hii ni glifoseti, ile isiyochagua, inaua kila jani la kijani inaloligusa. Inaingia kwa jani, inashuka mpaka kwenye ule uzi wa chini. Inafanya kazi, siwafichi. Kipande changu cha nyuma kilianza kuwa cha njano baada ya siku kama 9, na wiki ya tatu kilikuwa kikavu. Lakini wengi wanaipuliza vibaya kisha wanasema dawa ni feki. Mtu anafyeka leo, anapuliza kesho. Dawa itaingilia wapi wakati majani hakuna? Acha sangari iote, iwe kijani, ifike kama shubiri moja, ndipo upulize. Wakati wa kiangazi kikali, majani yamejikunja, usipoteze pesa yako. Na maji ya kuchanganyia yawe safi, ya bomba au ya mvua. Ukichota maji ya dimbwi yenye tope, udongo unaishika dawa humohumo ndani ya bomba la mgongoni, unabaki kupuliza tope. Kipimo soma kwenye kibandiko, kwa sababu chupa hazilingani nguvu. Kibandiko kisiposomeka, au hakioneshi usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, rudisha dukani.

Halafu kuna dawa nyingine zinaua majani mapana tu. Ukiuziwa 2,4-D, mchicha pori utakufa na sangari itabaki inakuangalia. Taja jina la gugu lako dukani, usiseme tu "nataka dawa ya majani".

Sasa kwa nini mimi nimeiacha? Ziwa. Kutoka hapa nilipo mpaka majini ni hatua chache. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, shughuli zinazoweza kuharibu mazingira, na baadhi ya hizi dawa zina kiungo cha kushikisha kwenye jani ambacho ni kibaya kwa samaki na vyura. Watoto wetu wanaogelea pale, sato tunayekula anatoka pale. Pia upepo wa ziwani unaanza mchana. Nilipuliza saa nane mara moja, na mpapai wangu uliokuwa mita tano pembeni ukajikunja majani yote ya juu. Kama wewe uko mbali na maji, Buswelu au Kisesa huko, na lazima utumie, puliza asubuhi upepo umetulia, mvua isiwe karibu kwa saa 6 hivi, vaa gambuti, glavu na miwani. Chupa tupu isiwe ya kuwekea mafuta ya kula, jamani, nawaomba.

Nailoni nyeusi sina mengi. Nilifunika tuta moja wiki 10, katikati sangari ilikufa, pembeni ikatoka mbio kutafuta mwanga. Kwa tuta dogo la mboga sawa, kwa robo eka gharama haibebeki.

Mama mmoja aliniuliza kuhusu ndago, gugu jingine sugu. Ndago ina vijikokwa chini, vimeungana kama shanga, na ncha zake zinatoboa hata kiazi. Jembe la meno linasaidia nusu tu, utarudia kung'oa kila wiki mbili kabla majani hayajazidi matano. Hiyo nitaifanyia video yake.

Uamuzi wangu: jembe la meno, alama 9 kwa 10. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya mgongo, robo eka imenichukua Jumamosi 11. Tuta nililolisafisha mwezi wa tano nimelifunika kwa viazi vitamu, marando yameziba udongo wote. Nimepekua leo asubuhi, nimekuta nyuzi 3 tu. Hizi hapa mkononi, nazipeleka juani.